Nani Kasema Haijaisha?

Mhariri mmoja amemrudishia rafiki yangu hadithi yake fupi pamoja na sifa tele na sharti moja: airefushe iwe riwaya, ndipo wazungumze. Ni hadithi ya mwanamke anayemfulia mumewe kanzu usiku wa kuamkia siku ya kwenda kwa kadhi. Inaishia kanzu ikiwa kambani, bado inachuruzika maji. Mhariri anauliza: aliachwa au hakuachwa? Watoto wanao? Mume ana mwingine?

Ya darasani tuyapokee bila ubishi: hadithi fupi ina tukio moja na wahusika wachache, riwaya ina mawanda mapana. Kinachonikera ni kudhani kwamba ile ya kwanza ni deni na hii ya pili ndiyo malipo.

Wapo watakaosema diwani ya hadithi fupi za mwandishi asiyejulikana haiuziki. Kweli, na mchapishaji naye ana watoto wa kulisha. Wengine watasema zipo hadithi zilizokatishwa kwa uchovu tu wa mwandishi. Zipo, na zirudiwe.

Ila hili la kwamba "msomaji ana haki ya kujua" halinipiti kooni. Haki hiyo kaipata wapi? Anayelazimika kumaliza maelezo ni shahidi aliyesimama kizimbani, naye ana hakimu mbele yake. Msomaji wa kanzu ile anajua yote anayoyajua mwenye kufua: kwamba kesho ipo na kwamba mikono haikukubali kukaa bure. Ukimwambia aliachwa, umemwongezea habari na kumpunguzia usiku ule. Tena anayedai kujua hakomi. Umpe talaka, atataka eda. Umpe eda, atataka mchumba. Kurefusha kwa namna hiyo ni kujibu maswali ambayo hadithi haikuyauliza.

Na si kwamba napinga kurefusha. Daniel Keyes alichapisha "Flowers for Algernon" ikiwa hadithi fupi mwaka 1959, na riwaya ikatoka 1966. Kabla ya hadithi ile kuchapishwa, mhariri mmoja alitaka mhusika mkuu, Charlie, abaki na akili zake mpya na amwoe mwalimu wake, Keyes akakataa. Alipoirefusha, mwisho hakuugusa. Alirudi nyuma, kwa mama aliyemwonea aibu mwanawe na dada aliyemchukia. Hata kibarua kilibadilika: Charlie wa kwanza yuko kwenye kiwanda cha maboksi ya plastiki, wa pili yuko kwenye tanuri la mikate. Swali halikuwa tena Charlie atapatwa na nini. Lilikuwa: kabla ya akili kuja, alikuwa nani?

Hapo namkumbuka Shahrazad, msimulizi wa Alfu Lela u Lela. Yeye ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kurefusha: shingo yake. Lakini usiku wa kwanza hamjazii mfanyabiashara wa kisa chake mashangazi na safari. Mfanyabiashara katupa kokwa ya tende, imemuua mtoto wa jini. Jini anataka damu. Wanatokea wazee watatu, na kila mmoja anainunua theluthi ya damu ile kwa hadithi yake. Hadithi inakua kwa kufungua mlango wa mtu mwingine. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze, alichukua kisa kimojawapo cha Alfu Lela u Lela, akawapa ndugu wa Adili majina ya Hasidi na Mwivu, na kisa cha maajabu kikageuka mizani ya tabia.

Sasa rafiki yangu ameanza kuandika. Ameniambia hatamgusa mwanamke. Anaandika habari za fundi aliyeishona kanzu. Mhariri atalalamika kwamba hajajibiwa, nami nitafurahi. Lakini ikiwa mwanamke mwenyewe hatokei hata ukurasa mmoja, sijui kwa haki gani nitaiita hadithi ile ile, wala kwa nini bado natamani kuiita hivyo.