Meza ya Watu Wawili



Huko Diani, Pwani ya Kusini, kuna hoteli ya chakula iliyo ndani ya pango la matumbawe. Wateja hushuka chini ya ardhi, na usiku hula kwa mwanga wa mishumaa. Wengine huenda huko kuadhimisha siku ya arusi yao. Mijini nako zipo hoteli ndogo za meza chache ambako mpishi ndiye huchagua: huleta visahani vidogo vidogo, vitano, saba au zaidi, kimoja baada ya kingine, na mlo huchukua saa nyingi.

Je, Mkristo aende? Kwa nini asiende? Huko Kana, divai ilipokwisha, Bwana wetu hakuwaambia maarusi wanywe maji. Naye marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa 2016, aliwahimiza wenye ndoa wasiache kuadhimisha siku zao.

Lakini bwana, jiulize. Ni Jumamosi ngapi umeketi na marafiki mkila nyama choma, huku mama watoto akifunika sahani yako mpaka ugali ukapoa? Ukikopa pesa za chakula cha mishumaa mara moja kwa mwaka, umelipa deni gani? Nawe mama, ukienda na kinyongo cha mwezi mzima, visahani saba vitapita mkitazama ukuta. Katika Mathayo sura ya 5, Yesu anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane kwanza na nduguye. Meza ya watu wawili nayo ina sharti hilo.

Uzuri wa hoteli hizo si chakula tu. Ni kuketi uso kwa uso bila haraka, na hilo haliuzwi. Jumamosi hii, watoto wakishalala, zimeni redio na simu. Leteni kidogo kidogo: chai, kisha viazi vitamu, kisha njugu. Kati ya kimoja na kingine, mmoja aseme, mwenzake asikilize bila kumkatiza. Anzeni na "nisamehe", malizeni na "asante", halafu salini pamoja.

Mkiyaweza hayo jikoni kwenu, hata pangoni Diani hamtakosa la kuzungumza.

Mungu azibariki ndoa zenu.