Kukua na Kukoma

Kila mmoja wetu alianza maisha akiwa chembe moja tu tumboni mwa mama. Chembe ile, ambayo wataalamu huiita seli, ikawa mbili, mbili zikawa nne, hata mwili mzima ukatimia. Basi twaweza kudhani kwamba uhai ni kuongezeka tu. Je, ni kweli?

Tutazame jinsi seli inavyogawanyika. Kwanza hunakili nyuzi zake za urithi, ambazo kwa mwanadamu ni 46, ili kila seli mpya ipate fungu lake kamili. Lakini njiani mna vituo vya ukaguzi. Uzi ukikatika, seli husimama na kuutengeneza, kisha huendelea. Isipowezekana, huweza kujiua yenyewe ili mwili usalimike. Leland Hartwell wa Marekani alivitambua vituo hivyo katika hamira, ile ile ya kuumulia mkate. Naye pamoja na Waingereza Paul Nurse na Tim Hunt walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Ukaguzi huo ukiharibika, kansa yaweza kuzaliwa. Angalieni vema: seli ya kansa si mgeni, wala si dhaifu. Ni ya nyumba ile ile, nayo ina nguvu nyingi. Ubaya wake ni kutokoma. Hula chakula cha wote, na nyumba ikianguka, nayo huanguka. Kumbe nguvu za kukua, peke yake, si wema.

Hapa tujihadhari. Wako wanaomwuliza mgonjwa, "Umemkosea nani?" au wanaomtafuta mchawi. Hiyo si haki. Moshi wa tumbako, virusi fulani, hata kosa dogo la kunakili lisilo na wa kulaumiwa, vyaweza kuiharibu seli. Seli haina nia. Mgonjwa astahili msaada, si hukumu.

Lakini mwanadamu anayo nia. Sisi wa Lubumbashi tuna mfano wa karibu: machimbo ya Shinkolobwe, upande wa Likasi. Mawe yaliyogunduliwa huko mwaka 1915 yalitoa radiamu, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji, tangu 1922, na madaktari wakaitumia kuua seli za kansa. Urani ya machimbo hayo hayo iliingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Tena miali ile ile iponyayo yaweza kuzaa kansa. Jiwe halikuchagua, watu ndio waliochagua.

Basi tofauti ni hii: seli hujikagua bila kujua, bali sisi hatuna budi kujikagua kwa hiari. Mwenye mali, mwenye cheo, mwenye machimbo, wote huambiwa waongeze. Ni nani anayewafundisha kusema, "Yatosha"? Anayeona kwamba mpaka ni adui wa uhai, na autazame mwili wake mwenyewe: yu hai leo kwa kuwa seli zisizohesabika zimesimama mahali pake.