Kata Chini ya Kifundo
Umeshasema mara ngapi kwamba wewe na mimea hamuivi chungu kimoja? Kwamba chumba chenyewe ni cha kupanga, dirisha moja, shamba la kulima huna? Basi wiki hii nenda kwa shangazi au jirani mwenye ule mmea wa majani ya umbo la moyo uliotambaa juu ya kabati. Unaitwa filodendroni. Muombe kipande cha shina, urefu wa kiganja. Hatakunyima.

Litazame shina. Pale jani linapochomoza pana kifundo, na uhai wote umejificha hapo. Kata chini kidogo ya kifundo, ondoa jani la chini, tumbukiza shina kwenye chupa ya maji hadi kifundo kizame. Jani tupu lisilo na kifundo, hata likipendeza vipi, halitakupa mmea. Badilisha maji kila wiki. Baada ya wiki 2 hadi 4 utaona mizizi myeupe, na ikifika sentimita 5 hamishia kwenye udongo mwepesi: samadi iliyooza vizuri, mchanga, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Chombo lazima kitobolewe chini.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo filodendroni nyingi zinapouawa na watu wanaozipenda. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ukimwagilia kila asubuhi udongo unageuka tope, mizizi inakosa pumzi na kuoza, majani yanageuka manjano. Nawe ukidhani ni kiu, unaongeza maji! Tia kidole kwenye udongo kwanza. Ukikuta unyevu, weka kopo chini usubiri kesho au keshokutwa.

Mwanga uwe wa karibu na dirisha, lakini jua kali la mchana lisiuchome. Futa vumbi kwenye majani kwa kitambaa kibichi.

Kisha upe mti. Mwaka 1829 Heinrich Wilhelm Schott, mtaalamu wa mimea wa Vienna, aliipa jamii hii jina kutoka Kigiriki: kupenda, na mti. Hakukosea. Kwao, kuanzia misitu ya Mexico na visiwa vya Karibi hadi Brazil, hukwea miti mirefu kufuata mwanga. Ukiuacha uning'inie, majani hubaki madogo. Ukipata pa kushika, mizizi ya hewani hung'ang'ania, na majani hupanuka kadiri mmea unavyopanda. Kwa hiyo tafuta fimbo ya mita 1, izungushie makumbi, kaza kwa kamba. Ikite kwenye chungu siku ile ile unayopanda, usije ukaichoma mizizi baadaye. Yaloweshe makumbi, ufunge shina bila kulibana, vifundo vikiwa vimeyaelekea.

Ni ndugu wa magimbi huu. Yeyote aliyemenya gimbi bichi anaujua ule muwasho, na filodendroni inao, kwa vijisindano vile vile vya kalsiamu oksaleti. Nawa mikono ukishakata, na uweke mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Paka pia asiutafune.

Na kama tayari unao, umenyauka pale kwenye kona, umebaki kamba tupu na majani mawili, usiutupe! Bonyeza shina. Likiwa bado gumu na la kijani, hata kifundo kimoja tu, mmea wako haujafa. Kata, tia majini, anza upya. Siku moja utaamka ukute jani jipya limekunjwa ndani ya ganda lake jembamba, laini, lina wekundu wa shaba. Usilivute. Litajikunjua lenyewe.

Chupa tupu unayo. Kisu unacho. Jirani yupo nyumbani jioni hii. Nenda ukapige hodi.