Je, Mke Anayeuza Unga Anunue Makaa Ameiba?



Swali hili huzuka katika nyumba za Kakuma, nalo si dogo. Mama amepima vikombe viwili vya unga wa mgao, akavibadilisha kwa makaa, wala hakumwambia mumewe. Bwana akigundua husema, "Umeniibia." Je, ni wizi?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, yafundisha kwamba hakuna wizi ikiwa ridhaa ya mwenye mali yaweza kudhaniwa, au ikiwa kukataa kwake ni kinyume cha akili. Sasa niwaulize, enyi waume: nani kati yenu atakataa maharagwe yaive? Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na kwa miaka mingi kuni zilizogawiwa hazikutosha kupikia chakula kilichogawiwa. Moto ni sehemu ya chakula. Najua vikombe viwili si kidogo, hasa baada ya mgao kupunguzwa sana mwaka 2025. Lakini nafaka mbichi haimshibishi mtoto. Tena, anayeupokea unga ule mara nyingi ni mama Mturkana aliyebeba makaa kutoka mbali, naye ana watoto wake.

Hajaiba, basi. Hata hivyo amenyamaza, na hapo ndipo penye uchungu. Yafaa kuuliza kwa nini. Katika nyumba nyingi, za Lodwar nazo, bwana ajua bei ya tokeni za umeme kwa kuwa zatoka mfukoni mwake, lakini kuni huziita za bure. Si za bure hata kidogo! Mkewe na binti yake huzilipia kwa saa nyingi porini, juani, pengine kwa hofu ya kushambuliwa. Mke aliyezoea gharama yake isihesabiwe, ataitaja kwa nani?

Kaeni jioni moja mhesabu yote: makaa, mafuta ya taa, umeme, na saa hizo. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, sufuria ifunikwe, makaa yaliyobaki yazimwe. Upepo wetu, ule unaozungusha mitambo 365 ya umeme ng'ambo ya ziwa huko Loiyangalani, humaliza kuni upesi kwenye mafiga yaliyo wazi. Kuzungushia meko ukuta mfupi wa udongo ni kazi ya nusu siku, nayo yamfaa bwana. (Mathenge, tunaoulaani sote kwa miiba yake, hutoa makaa mazuri, heri kukata huo kuliko migunga.)

Na unga ukilazimika kuuzwa, uuzwe mkijua ninyi wawili: vikombe vingapi, na siku gani.