Mtafitiwa kama Mwenye Hoja: Suala la Maadili katika Elimujamii

Mwaka 1903 kilichapishwa mjini Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Aliyetangulizwa jina, kama mkusanyaji, alikuwa Carl Velten, mwalimu katika Chuo cha Lugha za Mashariki mjini Berlin. Mwaka 1981 maandishi yayo hayo yalitokea Marekani katika tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, na safari hii jina lililotangulizwa lilikuwa la Mtoro bin Mwinyi Bakari, pamoja na Waswahili wengine wasiotajwa mmoja mmoja. Katika muda wa miaka 78 mtoa habari alikuwa amegeuka mwandishi. Maelezo yake ya jando, ndoa, pepo na ngoma hayakuongezwa neno. Kilichobadilika ni hukumu ya wasomi juu ya kazi aliyoifanya.

Makala haya yanaichunguza hukumu hiyo. Swali lake ni la maadili kabla ya kuwa la mbinu: msomi wa jamii anadaiwa nini na yule anayempa maarifa? Jibu lililozoeleka katika vyuo vya Afrika Mashariki tangu miaka ya sabini ni heshima. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi, kwa kuwa ipo heshima inayomnyamazisha mtu kwa upole, kama vile dharau inavyomnyamazisha kwa ukali. Anachodaiwa msomi ni zaidi ya hapo. Anadaiwa kumchukua mtafitiwa kuwa mwenye hoja, yaani mtu anayeweza kuwa na haki, anayeweza kukosea, na anayestahili kujibiwa.

Ni vyema kuanza na upande wa dharau, ingawa neno hilo halimtendei haki Émile Durkheim. Katika kitabu chake cha 1895 kuhusu kanuni za mbinu ya elimujamii, Durkheim alitoa agizo ambalo kila mwanafunzi wa taaluma hiyo hulikariri: matukio ya kijamii yachukuliwe kama vitu. Wapo waliomsoma kana kwamba alisema jamii ni kitu, kama jiwe au kinu. Hakusema hivyo. Alichotaka ni kwamba mtafiti akiri ujinga wake, kwamba asidhani anaijua ndoa kwa sababu ameoa, wala dini kwa sababu anasali. Agizo hilo lina unyenyekevu ndani yake. Lakini lina pia sehemu ya pili ambayo haikukaguliwa vya kutosha. Ikiwa mtafiti hapaswi kuyaamini mawazo yake mwenyewe ya awali, basi hapaswi pia kuyaamini maelezo ya wale anaowachunguza. Katika utafiti wake wa 1897 kuhusu kujiua, Durkheim aliziweka kando sababu zilizoandikwa na maafisa wa serikali baada ya kila kifo, akashikilia viwango vya vifo katika makundi ya watu. Huenda alifanya vyema, maana afisa aliyeandika "huzuni" au "umaskini" hakuwa na njia ya kujua. Hata hivyo, marehemu hawezi kuulizwa. Mbinu inayofaa kwa mtu asiyeweza kujibu ilihamishiwa kwa watu wanaoweza.

Uhamisho huo unaonekana wazi katika kitabu cha mwisho cha Durkheim, kile cha 1912 kuhusu mizizi ya maisha ya dini. Hoja yake kuu, kwamba katika ibada jamii hujiabudu yenyewe, inategemea sana habari za wenyeji wa Australia ya kati, watu wa Arunta, ambao leo jina lao huandikwa Arrernte. Durkheim hakupata kufika Australia. Alizitoa habari hizo hasa katika maandishi ya Baldwin Spencer na Frank Gillen, ambao kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1899. Gillen alikuwa mkuu wa kituo cha simu ya maandishi cha Alice Springs, na nyuma ya Gillen walikuwako wazee wa Arrernte waliomweleza maana ya michezo, michoro na mawe matakatifu. Maelezo ya wazee yaliingia katika daftari la Gillen, yakanyooshwa na nathari ya Spencer, yakapanda meli, yakasomwa Paris. Kilichoondoka Alice Springs kikiwa kauli kiliwasili Ufaransa kikiwa kitu. Hakuna mmoja katika mnyororo huo anayeweza kushtakiwa kwa wizi. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa bidii, na mzee wa kwanza aliyesema "sisi tunadhani hivi kwa sababu hii" akapotea njiani bila kuuawa na yeyote.

Kiswahili kina jambo dogo la kisarufi linaloweza kuusaidia mjadala huu, mradi mtu asilijengee falsafa nzima. Majina kama kipofu, kiziwi, kijana na kiongozi yana umbo la ngeli ya vitu, lakini yakifika kwenye kitenzi hupewa upatanisho wa watu. Husemwa "kijana amekuja", na anayesema "kijana kimekuja" huchekwa. Mtu anaweza kuvikwa umbo la kitu kwa haja fulani, lakini akitenda jambo lugha humrudishia nafsi yake. Elimujamii ya Durkheim ilichukua jina ikasahau kitenzi.

Wapo waliolitambua pengo hilo mapema. Max Weber alisisitiza kwamba tendo la kijamii ni tendo lenye maana kwa mtendaji, na kwamba kazi ya msomi ni kuielewa maana hiyo. Mwaka 1953 Alfred Schutz aliongeza hatua muhimu: dhana za mwanaelimujamii ni dhana za daraja la pili, kwa kuwa zinajengwa juu ya dhana ambazo watu wa kawaida wamekwisha kuzijenga ili wapate kuishi. Jiwe halina maoni juu ya jiolojia. Mswahili wa Bagamoyo ana maoni juu ya desturi, na alikuwa nayo kabla mtafiti hajafunga safari.

Hapa ndipo Mtoro anaporejea, na ndipo mhakiki wa fasihi anapokuwa na neno la kusema. Jina kamili la kitabu cha 1903 linataja desturi na linataja pia sheria. Katika pwani yenye Uislamu wa karne nyingi, kutenga mambo hayo mawili si kazi ya kuorodhesha. Ni kuamua kipi kinamlazimu mtu kwa sababu ya dini, kipi kwa sababu ya mazoea ya mji, na kipi kinavumiliwa tu ingawa mashehe hukiinamia kichwa. Mtu anayesema "hili ni desturi" ametoa dai la kinadharia. Amelitofautisha na sheria, amelitofautisha na bahati, na amewaambia watu wa kundi fulani kwamba jambo hilo ni lao. Velten alihitaji maandishi ya kuwafundishia Kiswahili maafisa wa koloni, wapate pia kuwajua watu watakaowatawala. Aliyempa maandishi hayo alimpa nadharia ya jamii, na nadharia hiyo ikapokewa kama malighafi.

Tena, maandishi ya aina hii yana fani yake. Masimulizi ya desturi katika Kiswahili huelemea kiambishi hu-: mtoto akizaliwa hufanyiwa hivi, bwana harusi hutoa kile. Kiambishi hiki hakichukui nafsi wala hakitaji wakati. Mtu mmoja hufanya, watu wengi hufanya, jana na kesho hufanya. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu wakati na anthropolojia, aliwalaumu wasomi kwa kuandika habari za watu wengine katika wakati uliopo usio na tarehe, kana kwamba watu hao hawaishi katika saa moja na mwandishi. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini msomaji wa Kiswahili ana la kuongeza: hu- haikuletwa na mgeni. Ni chombo cha mwenyeji, na mwenyeji hukitumia anapotaka kusema kwa niaba ya wote. Kwa kila hu- mhakiki anapaswa kuuliza: nani hufanya, nani hafanyi, na nani amepewa idhini ya kusema kwamba hufanywa?

Swali hilo linaufikia upande wa pili wa tatizo, ule wa heshima inayonyamazisha. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia katika Chuo cha Uchumi cha London chini ya Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha Facing Mount Kenya, Malinowski akiandika utangulizi. Kitabu hicho kilikuwa ushindi wa kweli. Aliyezoea kuandikwa alishika kalamu, tena kwa ustadi ambao mwalimu wake hakuweza kuukana. Hata hivyo, sura inayotetea tohara ya wasichana iliandikwa si miaka mingi baada ya mgogoro wa 1929, wakati wamisheni walipowataka waumini waikatae na jamii ikagawanyika. Wapo Wagikuyu waliotia alama ya kidole, wakaitwa watu wa kirore, na wapo walioondoka makanisani wakaanzisha shule zao. Wote walikuwa Wagikuyu. Katika kitabu, hata hivyo, desturi inasimama kama nguzo ya jamii nzima, na anayeipinga anaonekana kuwa mgeni au mtu aliyepotoshwa na wageni. Kenyatta alikuwa na sababu zake. Alikuwa akiutetea umma uliopokonywa ardhi, mbele ya hadhira iliyodhani umma huo hauna mpangilio. Sababu nzuri hazikuifanya "sisi" yake kuwa ya kila mtu.

Okot p'Bitek, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu dini za Kiafrika na wasomi wa Magharibi, aliwakaripia wote wawili: mzungu aliyewaita Waafrika washenzi, na msomi Mwafrika aliyeivika miungu ya kwao joho la Kiyunani ili ionekane ya heshima. Ukali wa Okot una upungufu wake, na mara nyingine anajibu kwa kejeli pale palipohitaji ushahidi. Lakini aliliona jambo ambalo wengi wa kizazi chake hawakuliona: kumtukuza mtu ni njia mojawapo ya kutomsikiliza.

Je, upo mfano wa kazi iliyoiepuka mitego yote miwili? Upo unaokaribia, nao unatoka katika Kiswahili cha Kongo. Katika miaka ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimchorea Fabian historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha 101, na wawili hao wakazungumza juu ya picha hizo kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya kinasa sauti. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Fabian alipoyachapisha mazungumzo hayo mwaka 1996 hakumgeuza mfano wa "mawazo ya umma". Aliyaacha maswali yake mwenyewe yaonekane, pamoja na mahali ambapo mchoraji anaeleza kwa nini amechora jambo ambalo hakulishuhudia. Msomaji anaweza kumpinga Tshibumba, na anaweza kumpinga Fabian. Usawa wao haukukamilika. Mmoja alikuwa profesa, mwingine aliuza picha ili ale, na aliyeamua kitabu kiitwe nini ni profesa. Ila hoja ya Tshibumba imehifadhiwa ikiwa hoja.

Katika idara za fasihi za Kenya jambo hili si la mbali. Mwanafunzi wa uzamili huenda kijijini na kinasa sauti, akarudi na ngano ishirini. Mtunzi wa shairi la pwani hutajwa kwa jina, hata akiwa amekufa karne mbili zilizopita. Bibi aliyesimulia ngano hutokea katika kiambatisho kama "msimulizi wa kike, miaka 60 hivi". Mara nyingine kuficha jina ni kumlinda, na hilo lisipuuzwe. Mara nyingi zaidi hakuna anayelindwa. Lililo zito kuliko jina ni kwamba bibi huyo, akiulizwa kwa nini sungura alishinda, huwa na jibu, na jibu lake ni uhakiki. Tasnifu humnukuu kwa ngano, kisha ikamwendea mhakiki wa Ulaya kwa maana yake. Mwanafunzi anayeikataa tafsiri ya bibi baada ya kuipima anamheshimu kuliko yule anayeiacha bila kuigusa, au yule anayeipamba kwa sifa za hekima ya wahenga asiingie nayo katika mjadala.

Kanuni hii ina mpaka wake, na mpaka huo umo katika kitabu kilekile cha 1903. Mtoro na wenzake wanaeleza kwa urefu habari za utumwa: aina za watumwa, kazi zao, adabu zao mbele ya mabwana, namna ya kuachwa huru. Maelezo hayo yanatoka upande wa waungwana, na hu- yao ni ya waungwana. Mtoro anaweza kujibiwa, kwa kuwa aliandika. Tena anaweza kuhurumiwa kwa haki, kwa kuwa huko Berlin, alikofundisha tangu 1900 hadi 1905, yeye naye aliishi miongoni mwa watu ambao hawakumhesabu kuwa sawa nao. Mtumwa anayeelezwa humo hakuandika. Utawala wa Kijerumani haukuufuta utumwa katika koloni lake. Ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo kitabu kilipokuwa kikipigwa chapa Göttingen, watumwa na watu waliotoka utumwani walikuwa hai katika miji ya mrima, wakisema Kiswahili kilekile kilichomo kitabuni, na kuulizwa kwao kusingehitaji mkalimani. Hawakuulizwa na Velten, wala na Mtoro. Kufikia 1981, jina la Mtoro liliporudishwa mahali pake, hapakuwa tena na mtu wa kuulizwa.