Unachoka Saa Ngapi?

Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kila miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mama ntilie aliyepooza hana hata moja, kwa hiyo mimi mhasibu nina la kushukuru. Ila ubongo hausomi sheria. Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto wa ubongo, ndiyo maana uliolegea ni mkono wa kulia, na maneno nayo yakawa yananichelewa mdomoni.

Niliporudi ofisini, mtihani wa kwanza ulikuwa salamu. Nimelelewa Tanga, na kwetu kumpa mkubwa mkono wa kushoto ni utovu wa adabu. Mzee wa mapokezi aliushika kwa mikono yake miwili, akasema, “Karibu, mwanangu,” akarudi kwenye daftari lake la wageni. Basi. Sikupata makaribisho mazuri kuliko hayo.

Wengine waliniua kwa huruma. Wapo walionong’ona kuwa ni mkono wa mtu. Daktari alisema ni presha, na mimi nimemwamini daktari. Faili zangu zilishagawiwa vijana. “Wewe pumzika tu, kaka.” Nikawa nakaa pale nalipwa kwa kutazamwa, jambo ambalo lilinichosha kuliko mahesabu yenyewe.

Na uchovu ndio ugonjwa usioonekana. Mguu ukichechemea, hata konda wa daladala anasubiri ukanyage vizuri kabla ya kugonga bodi. Lakini ikifika saa tano asubuhi, tarakimu zikaanza kukukimbia kwenye karatasi, nani atakuamini? Umekaa kwenye kiti, shati limenyooka, unaonekana mzima.

Bosi wangu si mtu wa maneno. Aliniita, hakuuliza kama nimepona. Aliuliza, “Unachoka saa ngapi?” Nikamwambia. Akanipa mahesabu mazito asubuhi na mapema, mchana akaniruhusu niende nyumbani, na saa zikaongezwa kidogo kidogo. Ilikuwa kazi ya kweli, yenye tarehe ya mwisho, na nikikosea nilirudishiwa kama mwingine yeyote.

Mpango huo haukuwa umeandikwa popote. Ulitegemea moyo wake tu. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, posho hujadiliwa hadi usiku. Waweke na kifungu kimoja cha kurudi kazini kwa awamu, saa zikiandikwa pamoja na daktari.