Je, Kujua Kwatosha?

Ukipita katika Soko la Toi, kandokando ya Kibera jijini Nairobi, utaona vibanda vingi vya mbao na mabati. Soko hilo limepata kuteketea kwa moto zaidi ya mara moja, na liliangamizwa pia katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Si ajabu, basi, mwenye kibanda kutamani duka la mawe.

Tuseme mmoja wao amedunduliza fedha, akajenga duka karibu na soko, na leo fundi amemimina zege la dari. Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Haliwi gumu kwa kukauka, kama wengi wanavyodhani. Saruji huungana na maji, ikatoa joto, na kwa muungano huo zege hupata nguvu. Ndiyo sababu mafundi hulimwagia maji na kulifunika kwa magunia yaliyolowa. Kwa desturi nguvu zake hupimwa baada ya siku 28. Lakini siku hazilingani: katika baridi ya Julai zege la Nairobi hukomaa polepole kuliko la Mombasa. Mwaka 1951, nchini Uingereza, A. G. A. Saul alieleza kwamba nguvu hizo hufuata joto na muda kwa pamoja. Kwa kanuni hiyo, siku hizi vihisi, yaani vyombo vidogo vya kupimia joto, huzikwa ndani ya zege, na wahandisi hukadiria nguvu zake, mradi mchanganyiko uo huo umekwisha kupimwa katika maabara.

Sasa fikiri. Kihisi kinasema, "Bado." Mwenye duka anasema, "Watoto wangu watakula nini?" Hapa mithali mbili zagombana: Haraka haraka haina baraka, na Mwenye njaa hana miiko. Fundi afanye nini?

Mimi naona kwamba chombo huleta habari, uaminifu hakiuleti. Fundi akiziondoa mbao mapema, dari yaweza kuwaangukia wanunuzi ambao hawakuulizwa neno. Haki ya mwenye njaa ni kubwa, lakini haimruhusu kuhatarisha roho ya mwenziwe. Kwa hiyo fundi hana budi kukataa, hata akikosa ujira.

Hata hivyo, kumhubiria maskini subira, kisha kumwacha na njaa yake, ni ukatili. Subira ina gharama. Wafanyabiashara wa Toi waliounda chama cha akiba, wakaweka senti chache kila siku, walilifahamu jambo hilo: akiba humwezesha mtu kungoja. Na jirani akimpa mwenziwe nafasi ya kutandaza nguo zake kwa majuma machache, naye amesaidia kuisimamisha dari ile.

Basi kujua hakutoshi. Ajuaye hana budi kusema kweli, na wasikiao hawana budi kushiriki gharama ya kungoja.